Mazungumzo ya Jamaa: Njia Ndefu ya Watu Wawili

Kutoka Makobola kwenda Kigoma kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya maji: msafiri hupanda mashua ya injini, akalala humo usiku, na kulipokucha yu karibu na ng'ambo. Ya pili ni ya nchi kavu, nayo huzunguka kichwa cha ziwa: Uvira, Gatumba, daraja la Rusizi, Bujumbura, kisha kusini kandokando ya maji, Rumonge na Nyanza-Lac, halafu hupanda Mabanda, huvuka mpaka wa Mugina, hushuka Manyovu na kuishia Kigoma. Ni karibu kilometa 300, na katikati yake nchi nzima ya kigeni. Mwenye kutaka wepesi huchagua maji. Sisi wawili, mume na mke, mwezi wa Julai 2023 tulichagua nchi kavu, juu ya pikipiki moja. Na tangu hapo wasomaji kadhaa wametuuliza sababu. Leo twawajibu, kwani jibu lenyewe lahusu nyumba nyingi kuliko yetu.

Aliyeshika usukani ni mwandishi wa ukurasa huu. Aliyekaa nyuma ni mama watoto, naye ametoa ruhusa yake haya yaandikwe.

Wazee wa Makobola hawahitaji kukumbushwa habari za mwisho wa mwaka 1998, lakini watoto wa shule wanaosoma ukurasa huu hawakuwapo. Tangu tarehe 30 Desemba 1998 hata tarehe 2 Januari 1999 watu wengi waliuawa hapa kwetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 yataja watu zaidi ya 800 katika Makobola ya Pili na vijiji vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Mama watoto alikuwa na umri wa miaka sita. Baba yake na mama yake hawakutoka. Aliyemtoa ni mama yake mdogo, ambaye alimshika mkono yeye, akamfunga mgongoni ndugu yake wa kiume ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili, akawapeleka ufukoni gizani. Walivuka ziwa katika mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Upepo ukavuma, maji yakaingia, watu wakayateka kwa sufuria na kwa viganja mpaka asubuhi. Yule mtoto mdogo alipata homa kwa baridi ile, na siku ya tatu baada ya kufika Kigoma akafariki. Walimzika karibu na Kibirizi, bila msalaba wala jiwe, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye kitu.

Mwaka 2006 mama watoto alirudishwa Kongo pamoja na wakimbizi wengine kwa meli. Yeye mwenyewe husema kwamba meli ile hakuiona, maana alikaa chini, kichwa ndani ya kanga, mpaka alipoambiwa kwamba wamefika. Tangu siku ile hakupanda tena chombo chochote cha majini. Mama mdogo alibaki ng'ambo, kwa kuwa alikuwa ameolewa na mvuvi wa Ujiji.

Basi katika mwaka 2023 tulipata habari kwamba macho ya mama mdogo yanafifia. Tulielewa mara moja maana ya habari hiyo. Katika dunia yote alikuwa amebaki mtu mmoja tu anayejua mahali alipolazwa mtoto yule, na mtu huyo alikuwa karibu kupofuka.

Ndugu walikutana, wakatushauri kupanda mashua. Walisema kwamba ziwa ni njia ya baba zetu, na hawakusema uongo. Walisema kwamba nauli ya mashua ni ndogo, na hilo pia ni kweli. Mwisho mmoja wao akasema: “Mwalimu, si unatufundisha wewe mwenyewe kwamba mume ni kichwa cha nyumba? Mwambie apande, naye atapanda.”

Ni kweli kwamba mtume Paulo amefundisha hivyo, nasi twafundisha hivyo. Lakini aliyesema kwamba mume ni kichwa alisema pia kwamba mke ni mwili wake. Mguu ukichomwa mwiba, ni kichwa kinachotoa machozi. Kichwa ambacho mguu wake umechomwa nacho hakina habari, hicho ni kichwa cha maiti.

Jioni ile tulikaa baraza la watu wawili. Mama watoto hakukataa. Alisema: “Baba, ukiniambia nipande, nitapanda.” Kisha akanyamaza, akaendelea kuchambua maharagwe. Wanaume wengi hulipokea jibu la namna hiyo kama ruhusa, wakafurahi kwamba shauri limekwisha. Lakini kimya kinachofuata jibu hilo ndicho jibu lenyewe. Tukapatana kwamba tutazunguka.

Wala safari ya namna hii si jambo geni duniani. Mwaka 1934 mume na mke wa nchi ya Poland, Stanisław Bujakowski na mkewe Halina, walitoka kwao kwa pikipiki, na mwaka 1936 wakafika Shanghai, nchi ya China. Desemba ya mwaka ule ule wa 1934, wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London, wakavuka jangwa la Sahara, na mwezi wa Julai 1935 wakaingia Cape Town kwa pikipiki ile ile. Ukiilinganisha na safari hizo, yetu ni kama kwenda kisimani. Hata hivyo kisimani nako watu huvunja mitungi; kwa hiyo tulijitengeneza.

Pikipiki yetu ni ile ya kazi, yenye injini ndogo, ambayo wasomaji huiona kila siku ikibeba watu na magunia ya mihogo. Kwa mwendo wa pole huenda kilometa 40 na zaidi kwa lita moja, na tangi lake hupokea lita zaidi ya kumi. Tulilijaza Uvira mpaka mdomoni, maana mwaka ule Burundi ilikuwa na uhaba mkubwa wa petroli, na magari yalikuwa yakipanga mistari mirefu penye vituo. Tulibadilisha mnyororo, tukakaza nyaya za breki, tukachukua pampu, viraka, gundi na mpira mmoja wa ndani. Mzigo tuliufunga chini na karibu na kiti, kwa sababu mzigo uliowekwa juu na nyuma huinua gurudumu la mbele, na dereva hapati tena kuliongoza vizuri.

Kati ya mzigo ule palikuwa na mbao mbili ngumu zilizochongwa vizuri, moja ndefu na moja fupi, zenye pengo la kushikana. Seremala wa kijiji alitutengenezea msalaba katika vipande viwili, ili upate kufungwa kandokando ya kiti. Juu ya ubao mfupi alikuwa amechonga jina la ubatizo la mtoto.

Tena tulifanya mazoezi. Jumapili mbili, baada ya Misa Takatifu, tulikwenda mpaka Swima na kurudi, kwa kuwa kukaa nyuma nako ni kazi yenye elimu yake. Penye kona pikipiki hulala kidogo. Abiria mwoga hujivuta upande wa pili, na hapo magurudumu hutaka kuiacha njia. Abiria anayejua hulala pamoja na dereva, wala si zaidi yake. Naye dereva ana wajibu wake: asivute breki ghafula, wala asifuate mwendo wa vijana wanaompita, kwa maana aliye nyuma haioni njia ya mbele, naye hana cha kushika ila imani yake kwa aliye mbele. Kwa kuwa upepo huyachukua maneno, tulipatana ishara: pigo moja begani, punguza mwendo, mapigo mawili, simama. Dereva akaahidi kwamba akipigwa mara mbili atasimama kwanza, na sababu ataiuliza baadaye.

Tuliwaacha watoto kwa bibi yao, tukasali Salamu Maria, tukaondoka Jumatatu alfajiri.

Mpakani ofisa alikagua hati zetu na karatasi za pikipiki, kisha akazigusa zile mbao mbili. “Hizi ni bidhaa?” akauliza. Dereva alikuwa akitafuta maneno ya kiofisa, lakini mama watoto alitangulia kujibu: “Ni msalaba wa ndugu yangu, baba. Kaburi lake liko Kigoma.” Yule mtu akausoma ubao mfupi, akakaa kimya kidogo, kisha akaona kwamba kamba ya mpira imelegea, akaikaza kwa mikono yake mwenyewe. Hatukutozwa chochote. Wahenga walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Nasi twaongeza kwamba ukweli uliosemwa kwa adabu ni fedha inayokubaliwa katika nchi zote.

Tulivuka daraja la Rusizi. Mjini Bujumbura pikipiki zilikuwa zimekatazwa katikati ya mji tangu Machi 2022, kwa hiyo tuliulizia njia za pembeni, tukatoka upande wa kusini jua likiwa limepanda. Tangu hapo barabara hushikamana na maji, mlima ukiwa mkono wa kushoto na ziwa mkono wa kuume. Dereva alijua kwamba mama watoto ameugeuza uso wake kuelekea mlimani, kwa maana uzito wake ulikuwa ukielemea upande huo.

Si mbali kutoka Bujumbura, mahali panapoitwa Mugere, kuna mwamba mkubwa juu ya kilima, nao umeandikwa majina ya Livingstone na Stanley, na mwaka 1871. Tulipumzika pale, na mwalimu hawezi kupumzika mahali kama pale bila kufundisha. Katika mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi wakafika Uvira. Walitaka kujua kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia. Wapiga makasia wao walikataa kuendelea, nao wakarudi bila kuuona mdomo wa mto. Baadaye wawili hao waligombana juu ya chemchemi za Nile, wakawa maadui. Mwezi wa Septemba 1864 walikuwa wahojiane mbele ya wataalamu huko Uingereza; lakini siku moja kabla ya kikao, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Miaka 13 baada ya Burton na Speke kufika Uvira, wakaja wengine wawili, Livingstone mwenye miaka 58 na Stanley mwenye miaka 30, katika mtumbwi mmoja, kwa amani. Hao ndio walioona kwa macho yao kwamba Rusizi huingia ziwani.

Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Kumbe mto haukubadilika. Waliobadilika ni wale waliokuwamo mtumbwini.” Twakiri kwamba darasani hatukupata kulieleza jambo hilo kwa ufupi namna hiyo.

Tulilala Rumonge. Mji ule ni wa mawese na wa samaki, na Kiswahili chazungumzwa sokoni kama huku kwetu. Lakini kwa Mkristo Rumonge ni zaidi ya soko. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee huwaita Mapadre Weupe, walijenga pale mwaka 1879. Na tarehe 4 Mei 1881 watatu wao, Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa pamoja. Wenzao walikuwa wamekwisha kuvuka ziwa mwaka 1880 na kufungua misheni ya Masanze, upande wetu wa magharibi. Ndiyo kusema kwamba Injili ilifika pwani yetu ikitoka ng'ambo ile, katika mitumbwi, juu ya maji yale yale.

Kutoka Rumonge kuna barabara inayopanda mlimani kwenda Bururi, na huko kuna Seminari Ndogo ya Buta. Sisi tuliopita seminarini hatuwezi kulisikia jina hilo bila kuinamisha kichwa. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika bweni, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Vijana wale walikataa kuachana. Arobaini waliuawa. Jioni ile kwenye nyumba ya wageni tuliwakumbuka katika rozari yetu, tukawaombea watoto wetu moyo wa namna hiyo, bila kuombea siku ya namna hiyo.

Kesho yake, kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, tulipigwa mara mbili begani. Dereva akasimama, na kama alivyoahidi hakuuliza kwanza. Gurudumu la nyuma lilikuwa likipoteza pumzi, na aliye nyuma ndiye aliyelisikia mapema, kwa sababu alikuwa juu yake. Lau tungeendelea, tairi ingekatwa na ukingo wa chuma. Hapo ndipo tulipoona faida ya kuwa na msafiri na si mzigo.

Tulisimama karibu na ufuko ambapo mama mmoja alikuwa akianika ndagala. Wakati dereva akitoa mpira na kutafuta tundu, yule mama alimletea mama watoto kiti na maji ya kunywa, akauliza kwa Kiswahili: “Mnakwenda Kigoma? Mbona hamkupanda mashua kama Wakongo wengine?”

Na mama watoto akamweleza. Katika miaka yote ya ndoa yetu hatukupata kumsikia akimsimulia mgeni habari zile. Alizisimulia zote: mtumbwi, sufuria za kutekea maji, mtoto mgongoni mwa mama mdogo. Yule mama aliendelea kugeuza dagaa wake. Mwisho akasema: “Mimi ziwa lilimchukua mume wangu. Sijaingia katika mtumbwi tangu hapo. Lakini kila asubuhi nalisalimu, kwa sababu watoto wangu hula kwake.” Akaitazama mikono ya mama watoto, iliyokuwa na gundi na vumbi la tairi, akamwambia: “Njoo unawe.”

Wakaenda wote wawili mpaka ukingoni. Mama watoto akainama, akanawa mikono, kisha akasimama na miguu ndani ya maji mpaka vifundoni. Hakuna lingine lililotokea. Lakini tulipopanda tena pikipiki, uzito wa nyuma haukuwa tena upande wa mlima. Ulikuwa katikati.

Kiangazi hulifunika ziwa kwa moshi wa mioto ya mashamba na kwa vumbi, hata milima ya Fizi haikuonekana vizuri. Ilikuwa kama kivuli tu ng'ambo ile. Mama watoto akasema nyuma ya helmeti: “Kwetu kumbe ni kuzuri, ukikuangalia kutoka mbali.”

Penye mpaka wa Mugina msafiri wa pikipiki hana budi kujihadhari na jambo moja. Kongo na Burundi hutumia upande wa kuume wa barabara. Tanzania hutumia upande wa kushoto. Ukivuka mstari ule, mazoea yako yote mema hugeuka hatari, na lori linaloshuka mlima halingoji mtu ajifunze. Kwa hiyo tuliongeza ishara ya tatu: bega la kushoto, kumbuka upande wako. Kutoka Manyovu mpaka Kigoma, kilometa kama 60, bega lile lilipigwa mara nyingi, hasa baada ya kila kituo, kwani mtu akipumzika mazoea ya zamani humrudia. Dereva hakulihesabu kuwa ni tusi. Mume anayekasirika akikumbushwa upande wa barabara ajiulize kama anapenda heshima yake kuliko shingo yake.

Tulipokelewa Manyovu na watoto waliotamka “Shikamoo!” tangu mbali, jambo ambalo huku kwetu si la kila siku, na tukajifunza kujibu “Marahaba” kama wenyeji. Samaki tunaowaita ndagala huko ni dagaa, na mikeke huko ni migebuka. Lakini sufuriani ni wale wale.

Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni kwake Ujiji. Tulimwamkia kwa magoti. Hakumtambua mtoto wake kwa macho. Alimpapasa uso, akafika kwenye kovu dogo lililo juu ya nyusi, akalia. Usiku ule hatukulala mapema.

Asubuhi yake alitupeleka makaburini. Dereva alikwenda pole, mama mdogo akiwa nyuma yake, na mama watoto akafuata kwa pikipiki ya kukodi. Tulipofika, majani yalikuwa marefu na sehemu nyingi hazikuwa na alama. Mama mdogo akaomba apelekwe kwenye mwembe mkubwa uliokuwa pale. Akaweka kiganja chake juu ya shina, akageuka na kuuelekeza mgongo wake mahali ambapo sauti ya ziwa ilisikika, akaanza kutembea huku akihesabu. Alihesabu hatua 22. Akasimama, akasema: “Ni hapa. Kila nilipokuja nilihesabu, ili nisisahau, maana nilijua kwamba mtauliza.”

Tukafyeka majani, na chini yake pakaonekana mawe madogo manane yaliyopangwa mviringo, kazi ya mikono ya mama mdogo katika mwaka 1999. Tukaviunganisha vile vipande viwili vya msalaba, tukauchimbia. Mtoto aliyebatizwa akafa kabla ya kujua dhambi hahitaji kuombewa. Waliohitaji sala ni sisi tuliobaki, na tulisali kwa ajili yetu. Mama mdogo akaomba mkono wake uwekwe juu ya jina lililochongwa, akalisoma kwa kidole, herufi baada ya herufi.

Baada ya siku nne tulirudi kwa njia ile ile tuliyoijia. Hatutawadanganya wasomaji kwa kusema kwamba hofu ya mama watoto imekwisha. Mashua bado hapandi, na huenda hatapanda maisha yake yote. Hilo si aibu kwake, wala si deni analotudai au tunalomdai. Tulikwenda kutafuta kaburi, tukaliona kabla ya macho yale kuzimika kabisa. Lau tungesubiri mpaka hofu iishe ndipo tuende, tungefika tumechelewa. Na lau tungemlazimisha kupanda mashua, tungefika na mtu aliyefunikwa kichwa kwa kanga kama mwaka 2006.

Sasa twawageukia ninyi, wasomaji wapenzi.

Ninyi waume: katika kila nyumba kuna njia fupi na njia ndefu. Njia fupi ni ile ambayo mume aiweza. Njia ndefu ni ile ambayo wote wawili waiweza. Siku ya Sakramenti ya Ndoa hukuahidi kufika upesi. Uliahidi kufika naye. Kabla ya kuhesabu nauli, jiulize mwenzako ameumia wapi, na kama hujui, kaa chini umsikilize, hata kama ni miaka kumi tangu mlipofunga ndoa.

Ninyi wake: uliyeketi nyuma wasikia mambo ambayo dereva hayasikii. Usingoje tairi imalizike ndipo useme. Piga bega mapema, kwa upole, na kwa ishara mliyopatana.

Nanyi wanafunzi: leo jioni chukueni daftari, mkae karibu na bibi, babu, mama mkubwa au mama mdogo, mkamwulize mahali walipozikwa watu wa jamaa yenu, na kwa mti gani, na kwa hatua ngapi. Andikeni majina kama yalivyotamkwa siku ya ubatizo. Wengi wa watu wetu wamelala pasipo alama, upande huu wa ziwa na upande ule, na kumbukumbu yao imo ndani ya vichwa vichache vyenye mvi. Msiseme kwamba mtauliza mwakani. Mama mdogo alihesabu hatua zake miaka 24 akimngojea mtu wa kuja kumwuliza.